Kidari kwenye pipa kimekugomea? Anza na dalili, alafu tafuta chanzo

Kila baada ya siku chache kuna mtu ananipigia simu, kaka nimechoma kidari kwenye pipa la chuma lililogeuzwa jiko la moshi, masaa kumi na mbili kama video ilivosema, moshi, foili, kila kitu, na kimetoka kama soli ya kiatu, nimekosea wapi? Swali la kwanza ninalomuuliza ni ng'ombe gani na video ya wapi. Video nyingi ni za Texas kule Marekani, na kidari cha kule kinatoka kwa ng'ombe aliyenenepeshwa kwa nafaka, kipande kimoja kilo 5 mpaka 7, mafuta yamepenya mpaka katikati ya nyama. Sisi hapa Dodoma tunachukua kidari cha ng'ombe wetu wa asili, kalishwa pori la Bahi au Chamwino, kiangazi chote anatembea kutafuta maji, kidari chenyewe kilo 3 hivi na mafuta yapo juu juu tu. Ni nyama tamu sana na mi naipenda kuliko zote, ila huwezi kuipikia saa ya ng'ombe mwingine wa nchi nyingine.

Kidari ni kifua, kinabeba uzito wa mnyama siku nzima, ndo maana kina nyuzi nene na utando mweupe mwingi katikati. Ule utando ni kolajeni. Ukipata joto la taratibu kwa masaa unayeyuka unakuwa jelatini, ile inayofanya supu ya kongoro inate midomoni. Kuyeyuka kunaanza polepole nyama ikifika kama nyuzi joto 70 ndani, na kunashika kasi ikipita 80. Karibu matatizo yote yanatoka hapo: ama hujaufikisha utando kwenye kuyeyuka, ama umeupitiliza maji yote yakaisha, ama moto wako ulikuwa mchafu.

Vifaa viwili vinatosha kujua tatizo liko wapi, themomita ya kuchoma kwenye nyama na njiti ya mshikaki.

Themomita haifiki 100 kwenye maji yanayochemka

Naanza na hii kwa sababu inaharibu mengine yote. Chemsha maji, yakitokota kisawasawa chovya ncha katikati isiguse kitako cha sufuria. Maelekezo kwenye boksi yanasema isome 100. Dodoma haitasoma 100, itasoma kama 96, na hiyo ndo sahihi, kwa sababu mji wetu upo kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar na maji yanachemka mapema. Ya kwangu ya kwanza niliirudisha dukani nikasema mbovu, nikapewa nyingine, 96, nikapewa ya tatu, 96, ndo nikakaa chini nikaulizia vizuri.

Sasa angalia hii inavogusa kidari. Maelekezo ya Texas yanasema toa nyama ikifika 95 ndani. Kule joto hilo liko chini ya kuchemka. Hapa kwetu 95 ndo maji ya ndani ya nyama yanakaribia kuchemka yenyewe, kwa hiyo ukisubiri namba hiyo unaikausha, na ukisubiri 97 au 98 utasubiri mpaka nyama iishe maji kabisa, kwa sababu nyama yenye maji haiwezi kupita joto la maji kuchemka. Mimi naanza kuipima ulaini kwa njiti ikifika 88, na nyingi zinakuwa tayari kati ya 90 na 93. Mtu wa Dar haimhusu sana hii.

Ngumu na kavu

Hapa watu wengi wanakosea utatuzi, maana kuna kavu mbili na zinatibiwa kinyume kabisa.

Kata kipande chembamba kama penseli, kishike kwa vidole vya mikono miwili ukivute. Kikivutika kama raba, kinarudi, hakikatiki, na mdomoni unatafuna mpaka taya linauma, hicho hakijaiva. Ndiyo, hakijaiva, hata kama kimekaa masaa nane na kinaonekana kikavu. Kolajeni bado imekaza, imebana nyuzi, ile juisi ya mwanzo imeshatoka na jelatini ya kuchukua nafasi yake bado haijatokea. Hapo wengi wanasema nimeunguza nyama wanaitoa, na ndo kosa, ilitakiwa irudi ikae saa moja au mbili zaidi. Lakini kile kipande kikimeguka chenyewe kabla hujavuta, kikawa nyuzi nyuzi kavu kama makapi ya muwa, hicho ndo kimepitiliza na hakirudi nyuma, kichambue changanya na mchuzi wake mwenyewe uliobaki kwenye foili.

Njiti inakuonyesha mapema kabla ya kukata. Ichome sehemu nene, sukuma taratibu. Kidari ambacho bado kinashika njiti katikati, unahisi kabisa kama kuna mkono ndani unaizuia, na ukiichomoa nyama inanyanyuka nayo. Kikiwa tayari njiti inazama kama kwenye siagi ya mchana wa Oktoba, na inatoka bila kuvuta kitu. Choma sehemu tatu nne, upande mwembamba unachelewa kulainika kuliko upande wenye mafuta, na ule mwembamba ndo usikilize.

Kama hesabu zako zote zilikuwa sawa na bado kimekuwa kigumu, angalia mambo haya.

Umri wa mnyama. Maksai aliyelima misimu sita alafu akaenda bucha, utando wake umekomaa, unahitaji masaa mengi kuliko mtamba wa miaka mitatu. Muulize mwenye bucha bila aibu, na angalia rangi: nyekundu ya kuiva sana inayoelekea weusi na mafuta ya njano mara nyingi ni mnyama mzee. Kidari cha kilo 3 cha mnyama kijana kwangu kinachukua masaa sita mpaka nane kwenye joto la pipa la 110 mpaka 130, cha mzee nimewahi kufika kumi na moja.

Nyama ya moto ya bucha. Huku ng'ombe anachinjwa usiku, saa 12 asubuhi yuko kwenye ndoano, na wewe saa tatu ushaweka kwenye pipa. Misuli bado imekaza baada ya kuchinjwa, ikipikwa hivo inakaza zaidi. Nunua Alhamisi, paka chumvi, weka kwenye friji, choma Jumamosi. Chumvi iwe kama gramu 10 mpaka 12 kwa kilo, yaani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Siku hizo mbili zimenisaidia kuliko viungo vyote nilivyowahi kununua.

Na mkato. Muuza nyama usipomuwahi anapiga panga kidari vipande vya nusu kilo pamoja na mfupa, na kipande kidogo kinakauka kabla hakijalainika. Mwambie nataka kidari kizima, nitolee mbavu, mafuta ya juu usiyaguse. Wengine watakushangaa, lipia tu na uulize kama kuna nundu. Nundu ya ng'ombe wetu ina mafuta mazuri sana, ukikata vipande vyembamba kama kidole ukavipanga juu ya upande mkavu wa kidari, vinachuruzika taratibu masaa yote na kulinda ile sehemu ambayo Texas inalindwa na mafuta ya ndani. Hii sijaifundishwa na mtu na kwa ng'ombe wa huku naiamini kabisa.

Nje uji, ndani bado raba

Papai bichi. Najua linalainisha, mama zetu wametumia miaka yote kwenye nyama ya kuchemsha, lakini kimeng'enya chake kinaingia milimita chache tu, kwa hiyo ukilipaka kidari kinene usiku kucha unapata nje imekuwa kama maini yaliyopondwa na katikati hakujaguswa. Limao jingi usiku kucha nalo linaharibu sura ya juu. Kidari hakihitaji kulainishwa na tunda, kinahitaji muda. Chumvi na pilipili manga, basi, ukipenda kitunguu saumu cha unga.

Chungu, ulimi unakufa ganzi

Huo ni moshi mchafu. Angalia kinachotoka kwenye bomba la moshi la pipa: moshi mzito mweupe kama wa kuchoma takataka maana yake kuni zinakosa hewa zinaungulia ndani, na masizi yake yenye lami yanaganda kwenye nyama. Moshi mzuri unakaribia kutoonekana, unaona hewa inacheza juu ya bomba na rangi ya bluu kwa mbali. Watu wanafunga matundu ili moshi ubaki ndani, wanadhani ndo ladha. Fungua tundu la bomba lote, punguza joto kwa kubana tundu la chini, na weka kijiti kimoja kikavu chenye unene wa dole gumba kila baada ya dakika arobaini hivi, sio gogo. Usiloweke kuni kwenye maji, unaongeza mvuke na moshi mweupe tu.

Alafu ni mti gani. Mwarobaini umejaa kila mtaa wa Dodoma na ni bure, lakini usiuchomee nyama, uchungu wake unaujua. Mkaratusi na msonobari zina mafuta na utomvu, hapana. Minyaa ya kwenye uzio hata usiisogeze karibu na jiko, maziwa yake ni sumu. Mbao za fenicha zenye rangi au dawa, hapana. Mwembe, mpera na mkwaju ni safi. Mgunga unashika moto mzuri, moshi wake una nguvu kwa hiyo kidogo. Ila kwetu sisi hazina yenyewe ni mizabibu. Zabibu za huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka na baada ya kuvuna lazima wapogoe, ukienda Hombolo au Chinangali utakuta matawi yamerundikwa pembeni ya shamba, omba utapewa, yaanike wiki kadhaa mpaka yavunjike kwa mlio. Harufu yake ni tamu ya taratibu, haipigani na nyama. Kabla hujachukua muulize mkulima alipiga dawa lini.

Kama uchungu una harufu ya mafuta ya taa au plastiki, hiyo ni uwashaji. Mafuta ya taa na mifuko ya nailoni vinabaki kwenye nyama. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, litoboe kitako na pembeni, weka vibanzi na karatasi chini, mkaa juu, dakika kumi na tano mkaa umeshika wenyewe, mwaga kwenye jiko. Na usiweke nyama mpaka mkaa uwe na majivu meupe juu. Ule mkaa ambao haukuiva tanurini, ukiuvunja unaona bado una rangi ya kuni ndani, utoe, ndo unaofuka.

Harufu ya rangi au kemikali kwenye pipa jipya: lilikuwa limebeba nini? Chukua pipa la mafuta ya kula tu, lichome tupu kwa moto mkali mpaka rangi yote iishe, na wavu usiwe wa chuma kilichopakwa zinki.

Joto linapanda linashuka, halitulii

Dodoma hiyo karibu kila mara ni upepo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mchana unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, ukiingia moja kwa moja kwenye tundu la chini unafanya kazi ya mfua chuma, joto linaruka kutoka 120 mpaka 180 na wewe umekaa kivulini unajua mambo shwari. Geuza pipa tundu litazame upande usio na upepo, simamisha bati mita moja hivi mbele ya upepo. Mi nyumbani Nkuhungu nilijenga kaukuta ka matofali kimo cha kiuno, na siku hiyo hiyo joto lilitulia masaa matatu bila kugusa kitu. Dawa nyingine ni kuanza mapema, saa 11 alfajiri upepo bado umelala, mpaka unaamka mchana nyama yako imeshafungwa kwenye foili.

Joto likishuka lenyewe bila upepo, ni majivu yameziba hewa chini. Mkaa usikae kwenye kitako cha pipa, weka wavu wa chini uinuke kama inchi nne majivu yadondoke. Msimu wa mvua mkaa unakuwa umelowa ghalani kwa muuzaji, utausikia ukipasuka na kurusha cheche, uanike kwanza. Na acha kufunua mfuniko. Kila ukifunua kuwaonyesha wageni unatupa joto la dakika kumi na tano.

Nyama imefika 66 imegoma, saa ya pili hii haipandi

Hamna kilichoharibika. Nyama inatoa jasho na jasho linapokauka linaipoza, hivo hivo mtungi unavyopoza maji. Inatokea kati ya 65 na 75, na hewa yetu kavu inafanya ikae muda mrefu zaidi kuliko mtu wa pwani anavyoona. Kosa ni kuongeza moto hapo kwa hasira. Una njia mbili: usubiri, au uifunge. Kwa ng'ombe wetu mwembamba mi nafunga, foili tabaka mbili, vijiko vitatu vya supu ya mifupa ndani, rangi ya nje ikishakuwa kama kahawa iliyokaangwa. Sufuria ndogo ya maji ndani ya pipa tangu mwanzo inasaidia uso usikauke kuwa gome.

Ukifunga kabla rangi haijashika, ganda la nje litalowa na kuchubuka kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Likishalowa, fungua foili, rudisha nyama wazi dakika ishirini. Karatasi ya kaki isiyo na maandishi wala plastiki inalinda ganda vizuri kuliko foili, ila unyevu inaacha upite, chagua wewe.

Nje mkaa, ndani mbichi

Nyama iko juu ya moto. Kwenye nyama choma ya mnadani pale Msalato Jumamosi moto unakaa chini ya nyama na inafaa, maana ni mbavu na vipande vinavyoiva haraka. Kidari hapana. Sogeza mkaa upande mmoja wa pipa, nyama upande wa pili, bomba liwe upande wa nyama ili joto lipite juu yake. Weka trei chini ya nyama mafuta yasidondokee moto. Na kama ulipaka sukari au sosi ya nyanya mwanzoni, hiyo ndo iliyoungua, sosi inapakwa nusu saa ya mwisho.

Ndani ina pinki, wageni wanakataa kula

Shangazi yangu alisukuma sahani akasema mwanangu hii damu. Kama pinki iko ukingoni, mstari wa milimita chache unaozunguka kipande, na katikati ni kahawia, hiyo imetokana na gesi za moshi kushikana na rangi ya nyama, ni salama. Nilimwekea themomita mbele yake, nikamkatia kipande cha katikati, akala huku ananiangalia usoni. Pinki ikiwa katikati na kingo ni kahawia, hapo shangazi yuko sahihi, rudisha.

Ilikuwa laini, imefika mezani imekuwa ngumu

Umeikata ya moto, juisi yote imebaki kwenye ubao, au umeikata kufuata nyuzi. Iache kwenye foili yake, izungushie kitenge kizito, weka kwenye hotpoti kubwa saa moja mpaka mbili. Isishuke chini ya 60 kama wageni wamechelewa, ikikaa vuguvugu masaa mengi vijidudu vinazaliana. Kisu kikali, kata kuvuka nyuzi, unene wa penseli. Kidari kina misuli miwili imelaliana na nyuzi zake zinaelekea njia tofauti, kwa hiyo ukifika katikati simama, geuza nyama, endelea. Kabla ya kuchoma, nyuzi zikiwa bado zinaonekana, kata kona ndogo upande mmoja kuvuka nyuzi iwe alama yako, maana ikishakuwa nyeusi huoni kitu.

Na kama imeshakatwa, wageni wamekaa, na ni ngumu: vipange vile vipande kwenye sufuria pana, mimina mchuzi wa kwenye foili na kikombe cha supu, funika kwa foili alafu mfuniko, moto mdogo wa mkaa kama wa kupalia wali, dakika arobaini mpaka saa nzima. Wape kachumbari wakati huo.